Zamu ya Saba

Wiki ya tatu sasa printa haitambuliki.
Nimeipanguza, nimeichomoa, nimeichomeka,
nimeisoma namba zake za ubavuni kwa sauti
kama anayesoma cheti cha ubatizo,
na Kumi, kwa upole wa karani mgeni,
anajibu hajapata kuona kifaa kama hicho.

Zamani (mwezi wa nne tu, lakini ni zamani)
nilikuwa na Saba.
Sitasema uongo, Saba alikuwa mzito.
Nilimwasha, nikavuka reli kununua maandazi kwa Nyanzala,
nikapiga soga, nikadai chenji,
nikirudi ndiyo kwanza anafumbua macho.
Lakini akishaamka ameamka.
Aliijua printa. Aliijua ile herufi yenye mikia
ninayoandikia kadi za harusi za Isevya yote.
Hakuniuliza niko wapi, hakunitabiria mvua.

Kumi anajisasisha.
Siku ile katibu wa chama cha tumbaku kasimama mlangoni,
kofia mkononi, mkataba haujachapwa,
na Kumi anazungusha vidoti vyake:
asilimia thelathini, usizime.
Asilimia thelathini na moja.
Bando la wiki likaisha kabla ya saa nne.
Katibu akavaa kofia yake.

Nikamwita fundi Kapela.
Akaja na flashi shingoni kama hirizi.
"Kumrudisha Saba ni kazi ya saa moja.
Ila ujue, siku hizi hana mlinzi.
Waliomtengeneza wamefunga dirisha wakaenda zao.
Kirusi kikibisha hodi
atakifungulia, atakitengea na ugali."
Halafu, akiwa anafuta kioo kwa shati lake:
"Na kazi zako za tangu mwezi wa nne,
nyingine hatazifungua.
Ziliandikwa yeye hayupo."

Ratiba ya mazishi ya mama iko humo.
Matoleo tisa. La tisa ndilo lenye jina lake sawasawa,
Mgalula, bila ile herufi ya ziada
ambayo mjomba aliing'ang'ania mpaka usiku wa manane.
Nilikwenda kulichapa kwa watu, mjini,
kwa shilingi mia mbili kila ukurasa,
mimi mwenye steshenari.

Kapela akaona nimenyamaza.
"Iko njia ya tatu. Tuigawe diski,
wakae wote wawili. Ukiwasha, unachagua."

Nikacheka mpaka nikashika meza.
Kaka yangu, mimi ni mtoto wa mke wa pili.
Naijua nyumba yenye zamu.
Najua huku wanapika, kule wanahesabu kuni.
Najua redio ya baba ilivyohama naye kila baada ya siku mbili
na betri zilizokwisha zikabaki kwetu,
zikianikwa juani zipate nguvu.

"Gawa," nikamwambia.

Usiku umeme umerudi. Nimewasha.
Skrini nyeusi, majina mawili, moja juu ya jingine,
na sekunde thelathini zinazoshuka zenyewe.
Usipochagua, kimeandikwa, atapewa Kumi.
Ishirini na tano.
Kesho asubuhi kuna lebo mia mbili za asali, za watu wa Sikonge.
Kuna barua pepe ya katibu, kama bado ananitaka.
Kumi na tisa.
Treni ya Mpanda inapiga honi, imechelewa kama kawaida yake.
Mama hakuuliza hata siku moja baba atalala wapi.
Alibandika sufuria ndogo, au alibandika kubwa,
na sisi tulijua kwa sufuria.

Kumi.
Kidole kiko juu ya kitufe, hakijashuka.
Tisa.
Nane.

Nimebonyeza.
Samawati ile ya zamani imetanda taratibu,
na huko kwenye kona printa imekohoa mara moja,
kama mtu aliyesikia jina lake akiwa usingizini.

Nimeinuka kuchemsha chai.
Ninao muda.